YAH: TELA MLILONIUZIA LIKIWA NA UFA KWENYE CHESISI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, sitawasomea.

Nilileta tela kwenye yadi yenu ya Kizota likiwa na ufa kwenye boriti ya chesisi, pale springi ya nyuma inaposhikizwa. Fundi wenu mkuu akalamba kidole, akausugua, akasema mbele ya wateja: "Mzee, huo mkwaruzo wa rangi. Nenda kapakie." Watu wakacheka. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta kwa tambara, nikapitisha chaki. Mstari mwembamba wa unyevu ukajichora juu ya chaki, unapita urefu wa kidole. Mkwaruzo wa rangi haunywi mafuta!

Na ufa huo mliujua. Kabla ya siku hiyo kijana wenu aliuchomelea juu juu, hakuusaga hadi mwisho wake, hakutoboa hata tundu kwenye ncha ili usiendelee, akapuliza rangi. Mkazo wa mzigo unakusanyika kwenye ncha ya ufa, na kila tela likitikisika barabarani, ufa unasogea. Mhandisi Griffith wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1921 kwa kupima kioo: ufa ukirefuka mara nne, mkazo unaotosha kukivunja unashuka nusu. Ndege za abiria za Comet zilipasuka angani mwaka 1954 kwa nyufa zilizokua polepole hivyo hivyo. Ninyi mnaunda matela, hili mnalijua kuliko mimi.

Alilamba kidole, Ndugu Meneja! Akausugua ufa mbele ya dereva wangu, kijana wa watu ninayemtuma usiku na magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa, akasema mzee ana wasiwasi wa bure. Kijana akainamisha kichwa. Hilo sitalisahau.

Nilikuja kuomba boriti moja tu ibadilishwe. Sasa haitoshi. Nataka chesisi mpya nzima, fidia ya safari zote zilizokwama, na matela yote mliyouza ya muundo huu yaitwe yakaguliwe, maana wenzangu wanayaendesha bila kujua.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, picha na stakabadhi zinakwenda Tume ya Ushindani, na wakili wangu atawaita mahakamani. Fundi wenu aje na kidole chake, amweleze hakimu.

Wenu,
Mteja, Dodoma

Nakala: Wakili wangu