Usukani wa pembe: barua kutoka Isevya

Isevya, Tabora
14 Juni

Swahiba wangu wa Ujiji,

Dagaa wamefika. Konda aliuweka mfuko chini ya kiti chake, na nadhani abiria wote kuanzia Uvinza walijua kuna mtu Tabora anasubiri kitoweo. Mama watoto anashukuru sana, ila anasema safari ijayo mfuko uvikwe mwingine juu yake. Sisi hatujambo, joto la usiku limepungua na maembe ndiyo hivyo tena, hadi mwisho wa mwaka.

Sasa nikujibu. Umeniomba vipimo vya usukani mpya wa baiskeli yangu ili na wewe uagize unaofanana nao. Nitakupa, lakini ukivinakili kama vilivyo utanilaani kabla hujafika Mwandiga. Wewe umenizidi urefu kwa kichwa kizima, na mikono yako hiyo tulikuwa tukiitania tangu shule. Acha nikusimulie nilivyopita mimi, vipimo utavikuta njiani.

Unakumbuka nilikwambia safari ya Urambo ilinitesa. Ni kilomita kama 90, si mbali kwa mtu mwenye mizigo miwili ya nyuma na muda wa siku nzima. Nilifika, nikala, nikalala. Asubuhi nikanyanyua kikombe cha chai, nikaona kidole cha mwisho na jirani yake kwenye mkono wa kulia si vyangu tena. Ganzi tupu. Vifungo vya shati nilifungiwa na mtoto wa mwenyeji wangu huku akicheka. Nilipouliza zahanati nikaelezwa kwamba kuna mshipa wa fahamu unapita kwenye shina la kiganja, upande wa kidole kidogo, na mimi nilikuwa nimeukalia kutwa nzima. Usukani wa kunyooka ndivyo ulivyo: pana mahali pamoja tu pa kushika, ukichoka unashika palepale.

Hapo ndipo nilipoanza kuuota usukani wa pembe, ule wa baiskeli za resi unaoinama kama pembe za kondoo dume. Sikutaka mbio. Nilitaka mikono ihame: juu karibu na shingo, kile kipande kinachoushika usukani kwenye bomba la uma, njia inapopanda; kwenye vichwa vya breki, yaani pale mikono ya breki inapofungwa kwenye usukani, ninapokwenda mwendo wa kawaida; chini kabisa upepo unaponijia usoni. Watoto wa mtaa wamekwisha kunibatiza Resi. Mzee mmoja pale kwenye kahawa aliniuliza kwa upole kama niligongana na lori.

Upana ndio wa kwanza. Mama watoto alinisimamisha ukutani na futi yake ya kushonea, akapima kutoka mfupa wa bega hili hadi wa bega lile, kule juu kwenye ncha, si kwenye nyama. Tulipata sentimita 42. Wa mbio angechukua 42 au hata chini ya hapo. Mimi nikachukua 44, kwa sababu baiskeli yenye mizigo inataka mkono mpana wa kuituliza, hasa gurudumu likizama mchangani. Wewe kwa mabega hayo sitashangaa ukifika 46.

Nikaupata usukani wenyewe kwenye mitumba, alumini safi, haukuwa na mkwaruzo wa kutisha. Lakini chunguza katikati, pale unapobanwa na shingo. Unene wa hapo hauko wa aina moja: kuna milimita 25.4, kuna 26.0, na za siku hizi ni 31.8. Wangu ni 25.4. Shingo yangu ya zamani nayo ilikuwa 25.4, ingekaa sawa kabisa, tatizo ni urefu wake. Usukani wa pembe unakwenda mbele kabla ya kuinama, kwa hiyo mikono yako ikikaa kwenye vichwa vya breki iko mbali zaidi na kiti kuliko ilivyokuwa. Shingo ya milimita 110 iliyokuwa inanifaa ghafla ikanifanya mtu wa kuvutwa na ng'ombe. Nikatafuta fupi. Muuzaji mmoja akanipa ya 60, akaapa kwamba ni saizi yangu.

Ilikuwa 26.0. Tofauti ni nusu milimita na kitu kidogo, jicho halioni. Nilipoibana ikacheza, muuzaji akasema hiyo kazi ndogo, akakata kopo la soda, akazungusha vipande mpaka ikashika. Mimi na elimu yangu yote nikakubali. Siku ya pili nilikuwa navuka reli, nikashika breki huku uzito wote uko kwenye vichwa vya breki, na usukani ukazunguka chini kama mtu aliyeinama kusalimia wakwe. Sikuanguka. Lakini nilikaa pale kandokando ya reli dakika kumi nzima miguu inatetemeka, na nilipofungua nikakuta bati la kopo limesagika. Swahiba, hapo katikati pasiwe na ujanja. Namba ya usukani na namba ya shingo ziwe moja, la sivyo subiri.

Aliyeniokoa ni fundi wangu wa chini ya mwembe. Yeye kakulia kwenye Phoenix zenye breki za vyuma, usukani wa pembe hajawahi kuufunga maishani, lakini ana jicho. Alichomoa shingo ya 25.4 kwenye baiskeli ya mtoto iliyokufa, fupi vilevile, na ilikuwa na kifuniko cha mbele cha boliti nne. Kifuniko hicho ni muhimu, maana shingo ya pete nzima inakulazimisha kuupenyeza usukani pamoja na mikunjo yake yote, na utaukwangua vibaya. Boliti nne hizo alizifunga kwa msalaba, kidogo kidogo, huku akitazama mwanya wa juu na wa chini ubaki sawa. Hakutumia nguvu za kuonyesha watu. Alumini ikikazwa kupita kiasi haisemi kitu siku hiyo, inasema siku nyingine mkiwa porini.

Kuhusu shingo kwenye bomba la uma wa mbele, kuna mpangilio ambao mimi niliugeuza na kupoteza jioni nzima. Boliti ya juu kabisa, ya kwenye kifuniko cha juu ya bomba, kazi yake si kushika shingo. Inakandamiza tu gololi zisicheze. Kwa hiyo kwanza unalegeza boliti za ubavuni mwa shingo, unakaza ya juu taratibu mpaka mchezo uishe na usukani bado unageuka laini, kisha unanyoosha shingo ielekee gurudumu, ndipo unakaza za ubavuni. Ukitaka kuhakikisha, shika breki ya mbele halafu itikise baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "ko, ko" mkononi, rudia.

Breki sasa. Hapa ndipo pesa yangu ilipotaka kuliwa, nawe una breki zilezile za V, za mikono miwili mirefu inayobana ringi. Mkono wa breki wa baiskeli ya resi unavuta waya kidogo. Breki ya V inataka waya mrefu, karibu mara mbili. Ukizikutanisha hivyo, mkono unagusa usukani kabla gurudumu halijasimama vizuri. Mimi nilizitoa za V nikafunga kantileva za zamani, breki zinazotosheka na waya kidogo; zinakaa kwenye vifundo vilevile vya fremu, ila zinahitaji kipande cha kuning'inizia ganda la waya, yaani bomba lake la nje, mbele na nyuma. Ipo mikono ya breki ya usukani wa pembe iliyotengenezwa kwa ajili ya breki za V, ukiipata chukua hiyo, utajiepusha na usumbufu wote huo.

Na waya! Kichwa cha waya wa mikono hii ni kidogo, kama tunda la peari. Madukani kwetu waliojaa ni wale wenye kichwa cha pipa. Kijana mmoja alitaka kunipigia tupa pipa liwe peari. Fundi alimnyang'anya tupa. Nikasubiri wiki waya zije na basi kutoka Dar, pamoja na gia, yaani vishikio vya kubadilishia gia, za kuchomeka kwenye ncha za usukani. Gia zangu za kidole gumba hazikuweza kuhamia, kwa sababu bomba la usukani wa kunyooka ni 22.2 na la pembe ni 23.8, pete yake haipiti. Hizi za ncha nimezipenda kuliko nilivyotarajia. Zina upande wa kukokota bila kubofya, unasikiliza mnyororo mwenyewe mpaka utulie, na hata ukibadilishiwa gia za nyuma huko Nguruka kwa chochote kilichopo, zitafanya kazi. Kumbuka tu kwamba ganda la breki na ganda la gia si kitu kimoja. La gia halifai breki, litapasuka siku unayoihitaji.

Baada ya hapo nilitaka kumaliza. Nilikuwa na hamu ya kusokota tepu ya kushikia kwenye usukani, nipige picha, nikutumie. Fundi akakataa katakata. "Tepu utaiweka siku utakayoacha kuja hapa," akasema. Akanifunga ganda za waya kwenye usukani kwa vipande vya tepu ya umeme, akanipa spana mbili za L, akaniambia nenda Kwihara urudi.

Nimekwenda Kwihara jioni nyingi kiasi kwamba mlinzi wa lile tembe la Livingstone anadhani nafanya utafiti. Ya kwanza vichwa vya breki vilikuwa chini mno, kiganja kikateleza mbele, ganzi ikanichungulia. Nikazungusha usukani juu kidogo, nikainua mpira wa mkono wa breki kuifikia boliti iliyojificha chini yake, nikapandisha mikono ya breki milimita tano hivi. Ya pili shingo ya mwilini ndiyo iliyouma, nikahamisha pete mbili kutoka juu ya shingo ya usukani kwenda chini yake, usukani ukalingana na kiti. Bomba la uma sikulikata, na wewe usilikate. Ya tatu nilishawishika kusogeza kiti mbele ili nifikie vizuri. Fundi aliniuliza, kiti kilipangwa kwa ajili ya mikono au magoti? Nikakiacha. Ya nne nilibeba kilo 20 za mchele kwenye keria, maana baiskeli tupu na baiskeli yenye mzigo ni wanyama wawili.

Jumapili iliyopita nilikwenda mpaka karibu na Igalula na kurudi. Vidole vyote kumi vilirudi nyumbani. Kuhusu mgongo ulioniuliza: unauma pale tu ninapong'ang'ania kukaa chini kwenye pembe, na chini huko siendi zaidi ya robo saa. Anayekwambia lazima uiname muda wote anafikiria mashindano.

Kwa sasa nimesokota vipande vya mpira wa tyubu badala ya tepu, vinanata jasho na vinanuka, lakini vimenifunza mkono. Anza kwenye ncha ya chini, uache kidogo cha kuingiza ndani, panda kuelekea shingo huku unavuta, kila mzunguko ufunike sehemu ya uliotangulia. Ukianzia juu, viganja vitakunja kingo zote kwa siku mbili. Nyuma ya mkono wa breki weka kipande kifupi peke yake, vinginevyo utaona chuma kikikodoa macho.

Vipimo vyangu basi: upana 44, shingo 60, usukani usawa wa kiti. Vyako nataka unitumie wewe: mabega, mfupa kwa mfupa, na umbali kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani ulionao leo. Soma pia namba iliyochongwa kwenye shingo yako, kama haipo kaipime kwa fundi mwenye kipimo cha milimita. Zinifikie kabla ya Ijumaa. Kijana anayenifuatia tepu Dar anaondoka Jumamosi kwa treni, na anasema kwenye begi lake kuna nafasi ya usukani mmoja. Nimemwambia ajiandae kwa mpana.

Waya mbili za kichwa cha peari nimekuwekea, zitakuja na lita tatu za asali. Msalimie shemeji, na watoto, na bibi wa pale jirani kama bado ananikumbuka.

Ndimi swahiba wako,
Resi wa Isevya