Dola 40 kwa laini 4: barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa FCC

Kwa Mheshimiwa Brendan Carr,
Mwenyekiti, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano (FCC),
Washington, DC

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuandikia kutoka Lexington, Kentucky. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe linawauma majirani zangu wengi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao, na nilitaka walisome wao kwanza. Nakala ya Kiingereza naituma kwa Tume kwa njia ya malalamiko ya kawaida.

Nyumbani kwetu tuna laini 4 za simu: yangu, ya mke wangu, ya binti yetu aliye chuoni na ya mama mkwe. Kwa miaka 6 bili ilikuwa ikikatwa yenyewe kila mwezi kwenye kadi yangu ya mkopo. Sikuchelewa hata mwezi mmoja. Halafu ukaja ujumbe mfupi wa mistari miwili kutoka kampuni yetu ya simu: kuanzia bili inayofuata, punguzo la AutoPay, yaani la wanaokubali bili ikatwe yenyewe, ni la wanaolipa kwa akaunti ya benki au kadi ya benki (debit) tu. Bili ilipofika ilikuwa imepanda kwa dola 40, dola 10 kwa kila laini. Simu ni zile zile, mtandao ni ule ule, na mimi nakatwa tarehe ile ile bila mtu kunikumbusha.

Nililalamika kwenu. Kampuni ikajibu ndani ya siku 30 kama mnavyoitaka: masharti yalibadilishwa, wateja walijulishwa. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike hadharani, kwa sababu sikuuliza kama nilijulishwa. Niliuliza dola 40 ni za nini.

Sababu inayotolewa siku zote ni makato ya kadi. Ni kweli, mfanyabiashara anapopokea kadi ya mkopo hukatwa asilimia fulani, na sina ugomvi na kampuni kutaka kuikwepa gharama hiyo. Sheria ya Marekani inaruhusu punguzo kwa anayelipa taslimu. Ila tupige hesabu. Bili yetu ni kama dola 180. Tuseme makato ni asilimia 3: hiyo ni dola 5 na senti 40. Kadi ya benki nayo si bure. Tangu Oktoba 2011, chini ya kile watu wanachokiita kifungu cha Durbin, benki kubwa hazitozi zaidi ya senti 21 na asilimia 0.05 ya malipo, pamoja na senti moja ya kupambana na ulaghai. Kwa bili yangu hiyo ni senti 31. Kwa hiyo kampuni inaokoa kama dola 5 ninapohama kutoka kadi ya mkopo hadi kadi ya benki, na nisipohama inanitoza 40. Naomba mtu wa Tume aketi na hesabu hii aniambie dola 35 zinazobaki zimetoka wapi.

Tena kampuni ya simu ya Verizon, katika masharti yake, inaikubali kadi yake yenyewe ya mkopo, Verizon Visa Card, kwa punguzo hilo hilo. Kumbe kadi ya mkopo inakubalika, ikiwa ni ya kwao.

Mheshimiwa, mnao mpango wa Lifeline, unaosaidia watu wa kipato cha chini kulipia simu tangu 1985. Msaada wake wa kawaida ni dola 9 na senti 25 kwa mwezi kwa kaya nzima. Punguzo ninalolizungumzia ni dola 10 kwa laini moja. Serikali inaweka 9.25 mkononi mwa maskini, na kanuni moja ya malipo inaweza kuchukua zaidi ya hiyo kwa sababu tu ya aina ya kadi aliyo nayo. Na ule mpango wa serikali wa kuwasaidia watu hao dola 30 za intaneti kwa mwezi ulikwisha Juni 2024 fedha zilipoisha. Watu bado wanausikia upungufu wake.

Sasa niseme habari ya mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyefika hapa baada ya miaka mingi ya kambi. Mhudumu wa shirika lililompokea alimfundisha jambo la kwanza kila mgeni hufundishwa: jenga krediti, yaani rekodi ya kulipa madeni vizuri, bila hiyo hupati nyumba wala gari. Akaweka dhamana ya dola 200 benki, akapewa kadi ya mkopo ya kiasi hicho hicho. Akaambiwa aiwekee bili moja tu ndogo isiyobadilika, ailipe yote kila mwezi. Bili aliyoichagua ni ya simu, laini 2, yake na ya mwanawe. Mwaka mzima alifanya hivyo, na alama zake zikapanda. Alikuwa akinionyesha kwenye simu, anafurahi kama mtu aliyepokea matokeo ya mtihani.

Punguzo lilipoondolewa alihamia akaunti ya benki, maana dola 20 kwake ni nauli ya basi ya wiki. Mwezi wa pili tu, kampuni ikakata Jumatano. Mshahara wake wa kiwanda huingia Ijumaa. Akaunti ikaingia hasi. Benki ikamtoza faini ya dola 35. Alikuja kwangu na karatasi mkononi akaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Nilitafuta kosa lake sikuliona. Alifuata alichoambiwa na shirika, kisha alichoambiwa na kampuni, na hivyo viwili havikai pamoja.

Kadi ya mkopo kwetu ni ukuta kati ya kampuni na fedha za chakula. Bili ikija na kosa, sheria ya 1974 ya makosa ya bili za kadi ya mkopo inanipa siku 60 kulipinga, na kiasi ninachokibishia nakizuia mpaka uchunguzi uishe. Fedha iko kwangu wakati tunabishana. Ikikatwa kimakosa kwenye akaunti, fedha imeshatoka. Benki ina siku 10 za kazi za kuchunguza, na mwenye nyumba hasubiri siku 10. Kadi nyingine pia hulipia simu ikivunjika au ikiibwa, mradi bili imelipwa kwa kadi hiyo. Kwa hiyo anayeshika punguzo anaacha vitu hivi vyote, na hakuna tangazo linalomwambia anaviacha.

Halafu tunaombwa namba ya akaunti na kampuni za aina gani? Mwaka 2021 T-Mobile iliibiwa taarifa za watu zaidi ya milioni 76. Machi 2024 AT&T ilikiri kwamba taarifa za wateja wa sasa na wa zamani wapatao milioni 73 zimeonekana kwenye sehemu ya siri ya intaneti (dark web), namba za utambulisho za Social Security zikiwamo. Septemba ya mwaka huo huo Tume yenu ilikubaliana na T-Mobile ilipe faini ya dola milioni 15.75 na kutumia kiasi kama hicho kuimarisha ulinzi wake. Mnajua kuliko mimi jinsi milango hiyo ilivyo. Kadi ikivuja naifuta kwa dakika 10 na mpya inakuja kwa posta. Akaunti inayopokea mshahara na kulipa kodi ya nyumba haifutiki hivyo.

Wapo wanaofanya ujanja: wanaiacha akaunti ya benki kwenye AutoPay, kisha wanawahi kulipa kwa kadi ya mkopo siku chache kabla ya tarehe. Binti yangu alinishauri hivyo. Lakini namba ya akaunti inabaki kwao pale pale, na ukisahau mwezi mmoja umekatwa. Mama wa Uvira, anayefanya kazi zamu ya usiku, hawezi kuishi kwa kuwahi tarehe.

Najua Tume haipangi bei za simu, na siombi ipange. Lebo zenu za intaneti, zinazomwonyesha mteja bei na masharti ya huduma, ambazo kampuni kubwa zinatakiwa kuzionyesha tangu 10 Aprili 2024, zinataka bei ya mwezi iandikwe kabla ya kutoa punguzo la AutoPay. Huo ni uamuzi mzuri na wa haki. Ila nje ya lebo, kwenye mabango na matangazo, herufi kubwa ni za bei yenye punguzo, na sharti la benki liko chini kwa herufi za kusomwa kwa miwani. Naomba kipimo cha lebo kifike kwenye tangazo, na mshirikiane na Tume ya Biashara (FTC) pale ambapo mamlaka yenu yanakoma. Kanuni zenu za ukweli wa bili zipo tangu 1999. Naomba zitamke kwamba punguzo likiondolewa kwa sababu ya njia ya malipo, bili iliseme hivyo kwa mstari wake na kwa dola zake, na mteja apewe taarifa angalau bili mbili kabla.

Na lingine. Oktoba 2025 mlipendekeza kuondoa baadhi ya masharti ya lebo, likiwamo la kumsomea mteja kwenye simu. Mama mkwe wangu hasomi Kiingereza. Anakielewa akisomewa polepole. Naomba msiliondoe hilo.

Mama wa Uvira amerudi kwenye kadi yake ya dhamana na analipa dola 20 zaidi kila mwezi ili krediti isianguke. Mimi pia sijahama. Bili yetu inakatwa tarehe 18.

Kwa heshima,

Mteja wa laini 4
Lexington, Kentucky