Vitamini E haizuii losheni kuoza

Mhariri naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wajasiriamali wenzangu tunaotengeneza losheni nyumbani, maana hili jambo linaniuma.

Mwaka jana nilitengeneza losheni ya mafuta ya nazi na maji ya alovera, nikaweka vitamini E vizuri tu kama tulivyofundishwa kwenye kikundi kwamba ndo inahifadhi. Wiki ya tatu mama mmoja jirani akanirudishia chupa, ina madoa meusi juu na harufu kama kitambaa cha kudekia, na alikuwa anampaka mtoto!! Nililia siku ile.

Nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Kumbe vitamini E inazuia mafuta yasichache yakikutana na hewa, bakteria na ukungu haiwagusi kabisa. Hao wadudu hawaishi kwenye mafuta, wanaishi kwenye maji, na losheni ni vitone vidogo vidogo vya mafuta vinaelea kwenye maji, alafu sisi tumewawekea na alovera humo, ni chakula chao hicho.

Sasa hapa ndo wengi tunakosea hata tukinunua kihifadhi chenyewe. Kihifadhi lazima kibaki kwenye maji maana adui yuko huko. Propilparabeni kwa mfano inapenda mafuta, ukiiweka nyingi inakimbilia kwenye vile vitone inakaa humo haina kazi, na nyingine inanaswa na imalsifaya, ile nta tunayounganishia maji na mafuta. Methilparabeni inabaki kwenye maji zaidi, ndo maana viwanda vinaziweka zote mbili pamoja. Kwa hiyo losheni yenye mafuta mengi inaweza kuoza wakati kipimo cha kihifadhi ulifuata kabisa.

Na sodiamu benzoeti ile ya kwenye juisi, wenzangu wanaipenda kwa vile ni rahisi, ila inataka uchachu. Inayopenya ukuta wa bakteria ni ile iliyogeuka kuwa asidi, ikishaingia ndani inamharibia uchachu wake mpaka anashindwa kuishi. Kwenye pH 4 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) zaidi ya nusu yake iko hivyo, ila ukifika pH 6 imebaki kama asilimia 2 tu, yani umeweka bure. Karatasi za kupimia pH zipo jamani, pima, ikizidi 5 ongeza asidi ya sitriki kidogo kidogo. Kihifadhi kingine, fenoksiethanoli, hakisumbui hivyo kwenye pH, Ulaya mwisho ni asilimia 1, yani gramu 10 kwa kilo ya losheni, basi tumia mizani sio kijiko.

Na usiseme mbona yangu hainuki. Bakteria wanaweza kujaa humo na losheni ikabaki nyeupe inanukia vizuri, na yuko mmoja anaitwa Pseudomonas anapenda sana maji maji, akiingia kwenye kidonda au jicho ni hatari.

Walimu wa vikundi nawaomba sana mrekebishe hilo somo la vitamini E. Na mwenye kuandika "haina kemikali" kwenye chupa yenye maji, mwambie mteja imetengenezwa lini na aiweke kwenye friji. Kama kihifadhi hujakipata, tengeneza mafuta ya mgando bila maji kabisa, shea, nazi na nta ya nyuki, na mteja asichote kwa vidole vilivyolowa.

Mtengeneza losheni,
Tanga