Yah: Themostati niliyolipia ambayo haimo kwenye gari

Njombe,
23 Juni 2025.

Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tarehe 6 Juni niliwaletea Corolla yangu, ile 110 nyeupe ya mwaka 1998. Niliwaambia mafundi wenu jambo moja tu: kwenye foleni ya Ubungo mshale wa joto unapanda, nikishika mwendo unashuka. Jioni nikakabidhiwa gari na risiti ya shilingi 165,000: themostati mpya (vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) 60,000, kulanti (maji ya kupozea injini) 45,000, ufundi 60,000. Nililipa bila hata kuomba kupunguziwa.

Wiki iliyofuata nikasafiri kuja Njombe. Njia nzima mshale umelala chini kabisa, nikasema hawa jamaa kazi wanaijua. Kumbe! Tulipopita Makambako usiku, kioo cha mbele kikajaa ukungu. Baridi ya Juni ya huku ninyi mnaisikia redioni tu. Nikafungulia hita mpaka mwisho, ikapuliza upepo wa baridi. Mama yangu alikuwa siti ya nyuma, amejifunika vitenge viwili na bado anatetemeka. Kilomita kama 60 zilizobaki niliendesha mkono mmoja, wa pili unafuta kioo kwa kanga yake.

Asubuhi sikuita fundi. Injini ikiwa bado baridi nilifungua rejeta, maji yamejaa. Nikawasha gari na kushika mpira wa chini wa rejeta. Themostati ikiwepo, mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha unapata moto ghafla inapofunguka. Wangu ulianza uvuguvugu mapema, ukapanda polepole pamoja na injini. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikakinga beseni na kufungua nati mbili kwa spana namba 10. Ndani hamna kitu. Tundu tupu, na mahali pa gasketi pamepakwa silikoni nyekundu.

Nilimpigia simu msimamizi wenu. Akacheka: "Bosi, kwa nchi yetu ya joto hiyo haina kazi, sisi tunazitoaga zote." Sikubaliani naye. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta, maana kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli. Lakini hayo tungeweza kubishana siku nzima na tukaachana kwa amani. Mimi nauliza mstari wa kwanza wa risiti: hiyo iliyo mpya mliifunga wapi?

Na ugonjwa wenyewe hamkuugusa. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likitembea, wa kwanza kushukiwa ni feni. Nilipofunga themostati niliyonunua huku, niliacha gari lingurume uani mpaka mshale ukavuka nusu. Feni kimya. Nikachomoa waya wa swichi ya joto, ile inayoiamuru feni iwake injini ikipata moto; kwa Corolla hii ukiuchomoa huku ufunguo uko ON, feni lazima iwake. Ikawaka. Basi feni nzima, relei inayoipelekea umeme nzima, iliyokufa ni hiyo swichi ya joto. Nimepata ya mtumba kwa 15,000. Themostati yenyewe, yenye alama ya 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka, ilikuwa 35,000, na kabla ya kuifunga niliichemsha kwenye sufuria nione inafunguka, kwa kuwa siku hizi nimekuwa mgumu wa kuamini.

Naomba mnirudishie 60,000 ya themostati na 60,000 ya ufundi, jumla 120,000, ndani ya siku 14. Kulanti siidai, ilikuwemo kweli. Ile themostati yangu ya zamani pia naitaka, iwe nzima au mbovu. Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha ya lile tundu. Zikipita siku hizo bila jibu, karatasi hizi nitazipeleka Tume ya Ushindani (FCC), inayolinda walaji.

Mteja wenu,
Mwenye Corolla nyeupe.