Mwanangu, hilo neno leaf usilikariri

Mwanangu mpenzi,

Nimesoma meseji yako, eti umefungua kamusi ya Kiingereza ukakuta maana za leaf zimejaa ukurasa na sasa unataka kuzimeza zote kabla ya mtihani. Usimeze mwanangu. Mimi nimekula maisha yangu kwenye kazi ya kutafsiri na nakwambia ukimeza utasahau, bora ushike umbo. Maana ya kwanza ya leaf ni jani la mti, na jani ni kitu chembamba, bapa, upande mmoja kimeshikwa upande mwingine kiko huru. Basi, karibu zingine zote zimetoka hapo.

Kitabu, kwa mfano. Kile kikaratasi kimoja kilichoshonwa kwenye mgongo wa kitabu ndo leaf, na hapa uwe makini sana maana leaf sio ukurasa, leaf moja ina kurasa mbili, mbele na nyuma, yaani kitabu cha leaf 100 kina kurasa 200. Wanaosoma miswada ya kale wanahesabu hivyo hivyo mpaka leo, wanataja namba ya karatasi alafu wanakwambia ni upande wa mbele au wa nyuma. Na ukiona chini ya karatasi ya mtihani wameandika see overleaf, geuza, kuna maswali mengine nyuma! Inaniuma sana mtoto anapoteza maksi wakati majibu anayo kichwani.

Sasa ule msemo to turn over a new leaf ndo unaowapoteza wengi, mtu anatafsiri "kugeuza jani jipya" na msomaji anabaki anajiuliza jani gani tena. Ile leaf ni ya kitabu, na Waingereza wanausema hivyo tangu karne ya 16. Sisi tunasema kufungua ukurasa mpya, inatosha kabisa, hakuna haja ya kuleta mti hapo. Vivyo hivyo to take a leaf out of someone's book, hakuna aliyechana kitabu cha mtu, ni kuiga mwenendo wake mzuri.

Tena sio Waingereza peke yao. Mfaransa akisema feuille ni jani na ni karatasi, Mjerumani na Blatt yake hivyo hivyo, Mwarabu ana waraqa, jani na karatasi pia, na huko ndo tulikopata waraka wetu. Kwa hiyo hata hii barua unayoisoma, ukiiita waraka, asili ya jina hilo ina jani ndani, mimi hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Mlango wa pande mbili, kila upande unaofunguka ni leaf. Meza yenye ubao wa pembeni wa kukunja, ule ubao ni leaf. Springi za lori, zile bapa za chuma zilizolaliana, nazo leaf. Halafu kuna gold leaf, dhahabu iliyopigwa nyundo mpaka unene wake unafika kama 0.0001 ya milimita, yaani upange kama 1,000 ndo upate unene wa karatasi moja ya kawaida, ukipumua vibaya tu inapeperuka. Kwa hiyo ukitafsiri usiseme jani la dhahabu kama vile imechumwa mahali, sema dhahabu iliyofuliwa nyembamba.

Kwenye wingi f inageuka v, leaves, kama knife na knives, wife na wives, kwa sababu zamani Waingereza f ikikaa katikati ya irabu waliitamka v. Ila timu ya hoki ya Toronto inaitwa Maple Leafs toka 1927 na hawajakosea, lile ni jina la timu. Usichanganye pia na leaves ya she leaves, anaondoka, wala leave ya likizo, hayo hayana undugu na jani kabisa, yamegongana sauti tu, angalia neno jirani litakwambia.

To leaf through ni kupekua kurasa harakaharaka bila kusoma sana. Leaflet ni kipeperushi, lakini kwenye baiolojia ni kile kipande kidogo chenye umbo la jani ndani ya jani moja, jani la mharage linavyo vitatu.

Inabaki moja ambayo umbo langu halifiki, ile ya somo lako la kompyuta. Kule mti wa data, yaani mchoro wa kupanga taarifa kimatawi, unachorwa mizizi juu matawi chini, na leaf ni ile nodi (kituo cha taarifa) ya mwisho isiyo na watoto, yaani haina nodi nyingine chini yake, wembamba hauhusiki hapo, kinachohusika ni kwamba tawi limeishia.

Tunga sentensi zako mwenyewe kwa kila moja unitumie kwenye simu, hata usiku, nitazisoma zote.

Mama yako