Mwigaji si kasuku

Mhariri,

Juma lililopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba wanaoiga sauti za wanasiasa ni kasuku tu, hawastahili kuitwa waigizaji. Nimefundisha Kiswahili na kuandaa wanafunzi kwa tamasha za drama hadi nikastaafu, na nampinga.

Tena kasuku amemtaja mahali pabaya. Mwaka 1984, akitoka Addis Ababa, Rais Moi wa Kenya alitaka mawaziri na kila mtu waimbe wimbo wake kama kasuku, jinsi yeye alivyoimba wa Kenyatta. Mawaziri waliimba, lakini hakuna aliyecheka. Aliyekuja kuuimba wimbo huo sawasawa, hadi ukamgeukia Moi mwenyewe, ni Walter Mong'are, yule tuliyemzoea kwa jina la Nyambane. Mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake John Kiarie na Tony Njuguna walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta na kundi lao la vichekesho, Redykyulass.

Vijana hawawezi kujua uzito wa jambo hilo. Sisi tulizoea taarifa ya habari iliyoanza na Mtukufu Rais, hata kama siku hiyo alikuwa ameenda kanisani tu. Nyambane alipotokea mara ya kwanza kwenye runinga yetu akimwiga Moi, marehemu baba alipunguza sauti, akaenda akafunga dirisha, ndipo akarudi kuketi na kucheka mpaka akavua miwani. Na Moi bado alikuwa Ikulu!

Mkwaruzo wa sauti ile hata mtoto angeuweza. Kazi ilikuwa kwenye mwendo. Nyambane alianza sentensi taratibu, akaiacha ining'inie, rungu likapanda kabla ya neno kutoka, na macho yakazunguka kana kwamba yanamtafuta asiyepiga makofi. Moi alitawala miaka 24 na kuhutubu karibu kila siku. Mwigaji aliokota vitu vinne vitano humo, vingine vyote akavitupa. Kasuku hachagui. Wanafunzi wangu walipotegemea mkwaruzo peke yake, hadhira ilicheka kidogo, kisha ikaanza kupiga soga.

Baadaye Nyambane alihamia redio, akawa anatuamsha asubuhi pale Kiss 100 pamoja na mtangazaji Caroline Mutoko. Redio ni mtihani mgumu zaidi, maana hakuna rungu wala uso, ni pumzi tu. Kiarie naye aliingia siasa, akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. (Sasa ni zamu yake kuigwa.)

Nakubaliana na msomaji yule kwa jambo moja: wengi wanaotumiana video kwenye simu siku hizi huishia kwenye sauti. Wanambebesha mheshimiwa utani wa mama mkwe na chapati, utani ambao mtu yeyote angeusema. Hao awachape. Lakini asiwachape kwa fimbo moja na walioifanya kazi hii wakati kumtaja tu Rais kwa mzaha kulifanya watu wageuke kutazama nyuma.

Gazeti lako huchambua kandanda ukurasa mzima kila Jumatatu. Tupe basi hata safu moja ya kuchambua vichekesho. Na kituo chochote chenye kanda za Redykyulass kizirushe tena, saa ambayo wanafunzi hawajalala.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru