Ukurasa wa teknolojia utupimie vifaa, usituandikie bei tu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu hapa Uyole, Mbeya. Nina steshenari. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti na kuchaji simu za watu, na jioni gazeti likishazunguka kwa wateja wote nabaki nalo mwenyewe. Ukurasa wa teknolojia ndio ninaoanza nao. Naandika kwa sababu ukurasa huo umegeuka kuwa wa simu mpya tu: kamera ina megapikseli ngapi, rangi zipo zipi, na bei ambayo mkulima wa viazi wa huku haisogelei hata akivuna vizuri. Habari hizo muuzaji atazitangaza mwenyewe redioni na kwenye mabango. Tunachokosa ni mtu wa kutuandikia habari za vile vifaa vidogo vidogo vinavyouzwa kila kona, na za programu huria, yaani zile za bure ambazo yeyote anaruhusiwa kuzikagua na kuzibadilisha, zinazoweza kutuambia kama vifaa hivyo ni vya kweli.

Nianze na flashi, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Siku hizi barabarani unauziwa flashi iliyoandikwa TB 2, yaani kama GB 2,000, kwa bei ya chipsi kuku. Ukiichomeka, kompyuta inakubali kabisa kwamba ni TB 2, tena tupu. Ndani yake kuna chipu ya GB 16 au 32. Aliyeitengeneza amechezea programu ndogo inayoiendesha flashi yenyewe, ili ijitangaze kwa ukubwa isio nao. Ukiweka vitu vichache vinafunguka bila shida, na mnunuzi anaridhika. Ukivuka uwezo wake halisi, majina ya faili yanaendelea kuonekana, ukubwa wake unaonekana, ila vilivyomo havipo, au vimeandikwa juu ya vile vya mwanzo. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja kwangu kuprinti utafiti wake. Alikuwa ameijaza flashi filamu kwanza, kisha akaweka utafiti. Filamu zilicheza. Utafiti uligoma kufunguka, sura zote, na nakala ya kwenye laptopu ya rafiki yake alikuwa ameshaifuta kwa kuamini kazi iko salama. Alikaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kusema neno. Yule kijana aliyemuuzia hakuonekana tena pale barabarani.

Programu ya kugundua udanganyifu huo ipo, na haiuzwi. Inaitwa F3, mwanzilishi wake ni Michel Machado. Sehemu yake ya kwanza, f3write, inaijaza flashi yote kwa faili za GB 1 moja moja, zenye maandishi ambayo programu yenyewe inayajua. Sehemu ya pili, f3read, inayasoma yote upya na kulinganisha, kisha inakuambia kiasi gani kimerudi salama na kiasi gani kimeharibika. Flashi ndogo inapimwa ukiwa unahudumia wateja wengine. Kubwa inaweza kula mchana mzima. Ipo pia f3fix, inayoipunguza flashi ya uongo ibaki na ukubwa wake wa kweli, ili ile GB 16 iliyomo angalau itumike kama GB 16. Kwa wenye Windows kuna H2testw, iliyotoka kwa watu wa jarida la c't la Ujerumani, nayo ni ya bure. Kazi hii ifanyike kwenye flashi tupu, kabla hujaweka chochote cha maana. Mimi F3 nimeiweka kwenye kompyuta ya dukani, na mtu akija na flashi aliyonunua popote, naipima mbele yake na sidai hata shilingi.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua lumbesa. Gunia la viazi linajazwa mpaka linaota kichwa, mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele, na magazeti mkaandika, mkafanya vyema. Flashi ya TB 2 yenye GB 16 ni wizi wa kipimo vilevile, tofauti ni kwamba safari hii anayepunjwa ni mnunuzi. Mbona huu hamuuandiki?

Kifaa kingine ninachotamani mkiandike ni kidogo kuliko kiberiti: kipimio cha USB. Unakiweka kati ya chaja na waya wa simu, na kioo chake kinaonyesha volti na ampea zinazopita. Nimeona chaja iliyoandikwa ampea 2 ikitoa chini ya 1. Lakini mara nyingi mkosaji ni waya. Waya mrefu wenye nyuzi nyembamba unapoteza volti njiani, na simu ikiona volti zimeshuka inapunguza yenyewe kiasi inachovuta. Ukibadilisha waya tu, namba inapanda hapo hapo machoni pa mteja. Pima simu ikiwa na chaji kidogo, kwa sababu ikikaribia kujaa huvuta kidogo hata chaja ikiwa nzima. Wapo waliokuja wakiwa wameshaamua kununua betri mpya, wakaondoka na waya.

Halafu kuna mambo yanayofurahisha tu, na hayo pia yaandikwe, kwa sababu vijana huingia kwenye ufundi kwa kupenda kwanza. Mpwa wangu anasomea umeme. Ana kidude cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni za kidijitali za Ulaya, chenye chipu ya Realtek iitwayo RTL2832U. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba chipu hiyo inaweza kupokea mawimbi mengi mengine, ikiendeshwa kwa programu huria. Mpwa wangu anatumia dump1090, iliyoandikwa na Salvatore Sanfilippo. Ndege nyingi za abiria hutangaza zenyewe mahali zilipo, kimo na mwendo, katika masafa ya megahezi 1090. Antena yake aliitengeneza kwa kipande cha waya wa karibu sentimita 7, ambao ni robo ya urefu wa wimbi hilo. Tukaiona ndege inayoshuka kwenda uwanja wa Songwe ikisogea kwenye kioo cha kompyuta, namba za kimo zikipungua. Mawimbi hayo yanakwenda moja kwa moja bila kuupinda mlima, na sisi Uyole tumebanwa na safu ya Mbeya upande mmoja na milima ya Poroto upande mwingine, kwa hiyo ndege inayoruka chini inatupotea. Kijana huyo sasa anaichora milima yetu kwa kuangalia ndege zinapotea upande gani. Mambo ya darasani hajawahi kunieleza kwa furaha ile.

Suala la kompyuta nalo ni zito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya kuziba mianya ya usalama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za maofisi na shule zetu ni za mtumba, hazina sifa hizo. Wengi wanakwenda kupigiwa window ya kukreki, isiyo na leseni, kutoka kwenye flashi iliyopita mashine za mji mzima na virusi vyake. Mashine hizo hizo zingeweza kufanya kazi kwa Linux Mint, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Toleo lake jepesi liitwalo Xfce linakubali hata RAM ya GB 2, ingawa kwa GB 4 utafanya kazi kwa raha zaidi. Dukani kwangu nachapa kwa LibreOffice, picha za pasipoti nazirekebisha kwa GIMP, kadi za harusi nazipanga kwa Inkscape. Kasoro ipo: mtihani uliopangwa kwa Word wakati mwingine unahama mistari na majedwali, kwa hiyo namwomba mwalimu alete na PDF.

Kuna wanaosema programu za bure ni za watu wasio na uwezo. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa kwa Linux. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa msemaji huyo imejengwa juu ya Linux. Takwimu za zahanati na hospitali zetu zinapita kwenye DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Na Watanzania hatukuwa watazamaji siku zote: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kiofisi kwa Kiswahili. Vijana wanaokuja kuprinti kwangu hawajawahi kuisikia. Wangeisikia wapi, kama gazeti lao halisemi?

Ombi langu ni nusu ukurasa kila wiki. Mwandishi achukue kifaa kimoja kinachouzwa mitaani, kiwe kinauzwa Kariakoo, Mwanjelwa au Makambako, akipime kweli, aandike alichokiona na programu aliyotumia, hatua kwa hatua, kiasi kwamba mtu mwenye laptopu ya zamani aweze kurudia kipimo hicho mwenyewe. Vyuo tunavyo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kiko hapa Iyunga, na wanafunzi wa kushirikiana nao hawatakosekana.

Kama nafasi ya kila wiki haipatikani, chapeni basi ya flashi peke yake, na itoke kabla wanafunzi hawajaanza kukusanya tafiti zao. Ukurasa huo nitaubandika juu ya mashine ya kopi, na atakayeitaka F3 nitamnakilia.

Wenu,
Mwenye steshenari,
Uyole, Mbeya